Dawa ya kukumbuka kwenu ni kukumbukwa ulipo

Mimi huku Kondoa naendelea na upepo, vumbi na chaki, na Mungu namshukuru. Wiki hii naomba tuzungumze sisi kwa sisi, tuliofungasha virago kwa sababu ya barua ya ajira. Na nyie mnaolala kwa mama zenu msifunge gazeti, zamu yenu inakuja.

Kuna ugonjwa mmoja dawa yake haiuzwi duka lolote. Mchana haujulikani. Unachapa kazi, unataniana na watu, mambo mswano. Jua likishazama tu, harufu ya kitunguu kinachokaangwa nyumba ya pili inakupiga puani, koo linakaba, na machozi hayo. Ukiulizwa unaumwa nini unajibu "kichwa". Kichwa wapi! Unaumwa kwenu.

Watoto wa mjini huona aibu kuusema, eti ni ushamba. Kwa taarifa yako, Wazungu waliuandikia tasnifu zamani. Mwaka 1688, kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari huko Basel, Uswisi, Johannes Hofer, aliuchunguza na kuupa jina: nostaljia. Aliliunga kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu. Miongoni mwa wagonjwa aliowaeleza ni mwanafunzi aliyetoka Bern kwenda kusoma hapo Basel, akanyong'onyea hadi watu wakamkatia tamaa. Walipomtia safarini kumrudisha kwao, akaanza kupata nafuu njiani, kabla hajafika!

Sasa tupige hesabu. Bern na Basel ni kama kilometa 100 tu. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya 150. Yaani yule bwana alitaka kufa kwa umbali ambao sisi huku tunaufuata asubuhi kwa basi, tunafanya shughuli zetu, na jioni tunarudi.

Mimi ni mtoto wa Mikindani, Mtwara. Kutoka kwetu mpaka hapa, ukipitia Dar es Salaam na Dodoma, ni zaidi ya kilometa 1,100. Kama ugonjwa huu ungekuwa unapimwa kwa kilometa, mimi nilistahili sanda. Lakini niko hai, nafundisha, na suruali zinabana. Kwa hiyo tatizo siyo kilometa, na hilo ndilo nataka tulichambue leo.

Anayepita

Kondoa haikunipokea vibaya, tusiisingizie. Watu wake ni waungwana, adhana unaisikia kama kwetu, na Kiswahili wanakimwaga vizuri. Ila kila kitu kilikuwa kando kidogo. Wenyeji wakiwa wao kwa wao wanarudi kwenye Kirangi, wewe unabaki kutabasamu kama picha ya kalenda. Mwezi wa sita na wa saba baridi inakuingia mpaka kwenye meno, na sisi watu wa pwani blanketi ni la mgonjwa. Mito mingi ya huku ni ya mchanga. Kiangazi unavuka na viatu vyako, hudondoshi hata tone. Mtu wa bahari ukimwonyesha mto usio na maji atadhani unamtania.

Chakula ndiyo usiseme. Ugali wa uwele kwa mlenda ni mtamu kwa aliyekulia hapo. Mimi siku za mwanzo ulimi wangu ulikuwa unauliza, samaki yuko wapi?

Kwenye nyumba niliyopanga, chumba cha pili alikaa kijana mmoja wa Kagera, mkali wa hesabu ile mbaya. Jina lake namhifadhia. Begi lake halikufunguliwa likaisha. Anatoa shati, anavaa, anafua, anapiga pasi, analirudisha begini. Godoro chini, sufuria moja, kijiko kimoja. Ukimwuliza mbona hununui hata kitanda, jibu lake ni lile lile: "Dada, mimi hapa napita." Kila jioni yuko kwenye simu akitafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Wa Bukoba wote aliowapata, wakisikia Kondoa wanakumbuka kwamba kuna maziwa jikoni.

Mwezi wa tano akapita kweli. Hakuaga kazini, na serikali jambo hilo ina jina lake: utoro. Ajira ikaota mbawa. Ajira, msomaji, katika nchi hii ambayo tangazo moja la nafasi ishirini linaleta maombi ya uwanja mzima wa mpira.

Simcheki, nawe usimcheke, hujui alivyokuwa anazipitisha zile jioni. Kilichoniuma ni kingine. Baada ya wiki nzima, mtaani aliyemuulizia alikuwa mwenye nyumba peke yake, naye aliulizia ufunguo.

Hapo ndipo nilipouona mzizi wa fitina. Ugeni hauishi kwa kuhesabu miezi. Unaisha siku usipoonekana, halafu mtu akauliza, "Mbona leo sijamwona?" Kwenu hapakuumi kwa sababu ya bahari wala kwa sababu ya senene. Panakuuma kwa sababu kule ukichelewa kurudi kuna mtu anachungulia dirishani. Basi kazi yako ulipohamia ni moja: mpate wa kuchungulia dirishani.

Anampataje? Ngoja nikupe niliyoyaona yanafanya kazi.

Fungua begi

Usicheke. Nunua kitanda, tundika pazia, piga msumari wa kuning'iniza nguo. Najua uhamisho unautafuta na siku yoyote unaweza kuupata. Ukiupata, kitanda utakiuza, wanunuzi hawakosekani. Mtu mwenye pazia dirishani majirani wanamhesabu kuwa anaishi. Asiye nalo wanamhesabu kuwa amepitisha usiku, na aliyepitisha usiku haalikwi harusi.

Simu iwe na saa yake

Wazazi wetu nao walihamishwa. Wao walikuwa na barua inayokaa njiani wiki kadhaa, na salamu za Radio Tanzania, unamsikiliza mtangazaji mpaka betri inakwisha ukisubiri jina lako. Hata magwiji hawakupona. Shaaban Robert, mtoto wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na kazi ikamsukuma mpaka Mpwapwa, mkoa huu huu wa Dodoma. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge zilihifadhiwa, na zile za kati ya mwaka 1931 na 1958 zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2002.

Sasa fikiria. Mtu wa barua ilibidi aishi pale alipo ndipo apate cha kuandika. Atembee, aone, asikie vituko, ndipo akae chini na kalamu. Sisi tuna WhatsApp ya familia. Saa mbili asubuhi nimeshajua mtaani kwetu nani kavua nini. Saa sita naletewa nani kavaa dera la rangi gani. Jioni wanatuma picha ya pweza wa nazi, tena kwa karibu! Unaweza kumaliza mwaka mwili uko Kondoa na macho yako Mikindani.

Simu siikatai, jamani, ndiyo inayotuweka mjini. Mimi nimeipangia. Baada ya isha nusu saa naongea na kwetu, na kuna sharti: lazima niwe na habari moja ya Kondoa ya kumpa mama. Siku nikikosa, najua leo sikuishi. Mama naye ameshanogewa. Siku hizi kabla ya salamu ananiuliza, "Enhe, yule fundi cherehani na mkewe imekuwaje?"

Jua ulipokaa

Kaskazini mwa mji, njia ya Babati, kuna Kolo. Huko miambani kuna michoro ya kale ambayo mwaka 2006 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia, na miamba yenyewe inapita 150. Mwaka 1951 Mary Leakey, yule yule wa Olduvai, alipiga kambi akiinakili, na mwaka 1983 akatoa kitabu chake juu ya michoro hiyo. Baadhi ya miamba wenyeji wanaitumia kwa matambiko mpaka leo. Mimi nilikwenda Jumapili moja na walimu wenzangu wawili, tukarudi na vumbi hadi kwenye kope. Jumatatu wanafunzi waliposikia mwalimu amepanda mpaka juu, kila mmoja akawa na hadithi ya babu yake ya kunisimulia. Ukiuliza habari za kwao watu wanakufungulia milango, wala haina gharama.

Bibi jirani yangu ndiye aliyenifungua macho zaidi. Nilikuwa nadhani mwenye kukumbuka ni mgeni tu. Siku moja akanionyesha vilima vya Irangi, akaniambia unavyoviona hivi vina miti, sivyo vilivyokuwa. Ardhi ilikuwa imekatika makorongo. Serikali ikaanzisha HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Ng'ombe walihamishwa mbali, na kwenye familia nyingi vijana wakahama nao. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nilikaa hapa hapa sikuenda popote, na nikapakumbuka hapa hapa. Jioni ilikuwa kimya, hakuna hata ng'ombe wa kulia." Kumbe mtu anaweza kuumwa nyumbani akiwa nyumbani! Tangu siku hiyo sikumficha tena nikiwa na macho mekundu.

Bakuli lisirudi tupu

Huku mbaazi zinalimwa kwa wingi. Kwetu nazo zipo, ila kwetu mbaazi bila nazi ni maharage yaliyokosea njia. Bibi yeye huzipika kwa mafuta ya alizeti. Nikamwomba mama anitumie nazi. Zilipanda basi Mtwara, zikapokewa Dar, zikapanda jingine mpaka Dodoma, zikapanda la tatu mpaka Kondoa. Nazi zangu zimesafiri kuliko wabunge.

Nikapika mbaazi za nazi, nikapeleka bakuli kwa Bibi. Wajukuu walilamba mpaka maua ya bakuli yakafifia. Kesho yake bakuli likarudi na mlenda wa karanga. Likaenda na mandazi, likarudi na asali. Si unajua mila zetu, bakuli la jirani halirudi tupu. Basi toka siku hiyo kila siku kuna mmoja kati yetu anayedaiwa, na anayedaiwa haachwi kuulizwa.

Na wewe tafuta madeni ya namna hiyo. Nunua nyanya kwa mama yule yule. Nyoa kwa kinyozi yule yule. Kopa chumvi hata kama unayo.

Kufa na kuzikana

Hapa ndipo penye kiini, naomba unisikilize vizuri.

Mtaani kwetu Kondoa kuna chama cha kufa na kuzikana, kama kilivyo mitaa mingi nchini. Bibi alinipeleka mwenyewe kuandikishwa. Kila mwezi unatoa kidogo, jina linatiwa alama kwenye daftari, na ukitokea msiba unakwenda. Nikawa nakwenda. Nimekaa mkekani kwenye misiba ya watu nisiowajua hata sura, nimemenya vitunguu vya watu mia, nimeosha masufuria makubwa kuliko mimi.

Mwaka juzi, alfajiri, simu ikalia. Ukiwa mbali na kwenu unaijua simu ya alfajiri kabla hujaipokea. Bibi yangu wa Mikindani, aliyenilea, amefariki. Maziko ni siku hiyo hiyo baada ya alasiri.

Nikapiga hesabu. Basi mpaka Dodoma, Dodoma mpaka Dar, Dar mpaka Mtwara. Ungenipa mabawa ningefika usiku wa manane, Bibi ameshalala udongoni. Nikakaa kitandani na mkoba mapajani. Sikulia, sikumpigia mtu, nilikaa tu.

Jua lilikuwa limeshatoka mlango ulipogongwa. Alikuwa Bibi jirani. Hakuwa ameambiwa na mtu yeyote. Alisimama pale na mtandio wake akaniuliza, "Mwalimu, mbona leo mlango haujafunguka?"

Hapo ndipo nililia.

Kabla ya saa nne mkeka ulikuwa umetandikwa uani kwangu. Wanaume chini ya mti, wanawake ndani, kahawa jikoni. Walimu wenzangu Wakristo wakaja na sukari na mchele. Alasiri, saa ile ile Mikindani wanamzika, sheikh wa mtaa alisoma dua kwa jina la bibi yangu, na watu ambao hawajawahi kuiona bahari wakaitikia amina. Mzee mmoja akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikawasimulia alivyokuwa akisuka ukili huku anatukana kuku, wakacheka, nami nikacheka nao. Jioni katibu akafungua daftari, akanihesabia nauli. Kwetu tunaita ubani, huku wanasema rambirambi. Kesho yake nilisafiri nikiwa na pesa na majina ya watu wa kuwasalimia wafiwa.

Sikumzika bibi yangu. Hilo sitakudanganya kwamba lina dawa, na mpaka leo likinijia magharibi nanyamaza. Gharama ya kuhamia mbali ndiyo hiyo, na kila aliyehama anailipa siku moja. Ila kuna kuilipa ukiwa na watu, na kuna kuilipa ukiwa na godoro na begi.

Kwa wale walioelemewa

Neno moja la uzito. Kukumbuka nyumbani ni kitu kimoja, kuzama ni kingine. Ukiona wiki zinapita hulali, huli, kazi imekushinda, au unawaza mabaya juu ya nafsi yako, usingoje bakuli la jirani. Nenda hospitali ukamweleze daktari kama unavyoeleza malaria. Na kama kweli uhamisho ndio unaokufaa, ufuate kwa barua na kwa taratibu. Kurudi kwenu siyo dhambi. Ubaya ni kukimbia usiku na kuiacha ajira mlangoni.

Mwisho nikuibie siri. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mwalimu mmoja aliyeko huko huko Mtwara. Ni Mrangi, mzaliwa wa Kondoa, amepata namba yangu kwa watu. Anataka tubadilishane. Jamani, anaumwa Kondoa! Ananiambia joto linamchemsha, nazi zimemkinai, anaota mlenda. Amenisikitikia kwa kukaa mbali na bahari, nami nimemsikitikia kwa kukaa mbali na vilima, tukabaki tunacheka kwenye simu kama mazuzu.

Miaka mitatu nyuma ningemjibu ndiyo kabla hajamaliza salamu. Safari hii nimemwomba tungoje muhula uishe. Nimempa kazi ya kufanya: apike mlenda wa kwao, awapelekee bakuli majirani zake wa huko, aone litarudi na nini. Fomu ya kubadilishana iko mezani kwangu, hakuna aliyeijaza. Tukimaliza muhula wote wawili bado tunataka, tutaijaza. Nitauza kitanda, nitashusha pazia, nitamwachia Bibi bakuli. Nami nitaondoka Kondoa kwa kuaga mlango kwa mlango.

Wewe unayeripoti kituo kipya wiki hii, ukishusha mizigo anza na jirani wa mlango wa kulia. Mwombe chumvi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.